Kuunga safari mbili za meli: siku ya kubadilisha abiria huwaje

Wengi wetu tunaoishi Marekani tumeanza kuzipenda safari za meli za kitalii zinazoondoka Florida, na baadhi yetu tumegundua kwamba ukishalipa nauli ya ndege hadi Miami au Orlando, ni afadhali kuunga safari mbili katika meli ileile: wiki moja upande wa mashariki wa Karibiani, wiki ya pili upande wa magharibi. Swali linalonijia mara kwa mara kutoka kwa ndugu na marafiki linahusu ile siku ya katikati, meli inaporudi bandarini, maelfu ya abiria wakashuka na maelfu wengine wakapanda. Je, unashuka? Mizigo yako inakwenda wapi? Unaruhusiwa kubaki chumbani ukalala?

Jibu langu ni kwamba wewe unaona safari moja ya wiki mbili, lakini kampuni ya meli, forodha na uhamiaji wanaona safari mbili ambazo kwa bahati zinamhusu mtu mmoja. Kadi ya meli inayofungua mlango na kulipia, bili, vifurushi vya vinywaji na intaneti, ukaguzi wa pasipoti, zoezi la dharura, yote hufungwa asubuhi na kuanza upya mchana. Karibu kila usumbufu niliouona siku hiyo ulimpata mtu aliyedhani kwamba kitu fulani kingeendelea chenyewe.

Nianze na hati za kusafiria, kwa sababu makala nyingi za mambo ya meli huandikwa na watu wenye pasipoti ya Marekani au ya Uingereza, na suala hili huwapita. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda aliyeingia Marekani kwa viza ya matembezi anapaswa kujua kwamba siku ya kubadilisha abiria anaingia Marekani upya mbele ya afisa, na kwamba mwisho wa safari ya pili ataingia tena. Kwa hiyo tazama kwenye viza sehemu inayoonyesha idadi ya kuingia. Ikiwa na herufi M, unaruhusiwa kuingia mara nyingi. Ikiwa inaruhusu kuingia mara moja tu, nafasi hiyo uliitumia siku uliposhuka kwenye ndege, na usinunue tiketi ya meli kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Vilevile, usidhani kwamba kuzunguka Karibiani na kurudi kunakupa miezi sita mipya, kwani afisa ndiye anayeamua utakaa hadi lini, na anaweza kukuachia tarehe ileile ya mwanzo. Wenye grini kadi waibebe kadi yenyewe. Picha iliyo kwenye simu haitoshi.

Mama mkwe wangu alipotutembelea kutoka Tanga, tulisafiri naye hivyo, na siku ya katikati ndiyo tuliyoiandalia zaidi. Usiku wa kuamkia bandarini tuliweka katika mkoba wake mdogo pasipoti, tiketi ya ndege ya kurudi Dar es Salaam iliyochapishwa, na dawa zake za presha. Mapema tulikuwa tumekwenda kwenye dawati la mapokezi kuomba kiti cha magurudumu, kwa kuwa magoti yake hayavumilii foleni ndefu, na msaada huo huombwa kabla. Asubuhi yenyewe viti huwa vimekwisha. Afisa alimuuliza atarudi lini nyumbani, nami nikatafsiri. Mama akafungua mkoba, akatoa ile karatasi na kuikunjua mezani, na maswali yakaishia hapo. Ushauri wangu kwa mwenye mzazi mgeni ni kuwa naye bega kwa bega katika foleni hiyo na kuhakikisha ushahidi wa kurudi kwake uko mkononi.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Abiria wanaoshuka hutoa masanduku yao ukumbini nje ya milango, yakiwa na vibandiko vyenye namba au rangi, nayo huchukuliwa usiku kupelekwa katika jengo la abiria. Wewe unayeendelea usitoe kitu chochote nje, kwa sababu wabebaji hawajui nani anaendelea, na sanduku lililosimama mlangoni litakwenda na mengine. Ikiwa utabaki katika chumba kilekile, acha kila kitu mahali pake, ila inua vitu sakafuni ili mhudumu asafishe kwa urahisi. Ikiwa utahamia chumba kingine, funga masanduku yako na uyaache chumbani. Nguo zilizotundikwa kabatini mara nyingi huhamishwa zikiwa kwenye hanga zake, lakini thibitisha hilo na mhudumu wako siku moja kabla. Vito, fedha, hati na dawa zibaki nawe, hata kama chumba kipya kiko jirani tu. Nguo za kufuliwa zipeleke mapema zaidi, kwani mfuko wa dobi unaoondoka ukiwa na namba ya chumba cha zamani huchelewa kukupata.

Jioni hiyo utaletewa barua au ujumbe katika programu ya meli, ukieleza abiria wanaoendelea wakutane ukumbi gani na saa ngapi. Soma kwa makini, kwa sababu utaratibu hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na hata kati ya bandari na bandari.

Meli hufunga gati alfajiri, na kuanzia saa moja hivi wanaoshuka huitwa kwa makundi. Kula mapema, maana sehemu za kifungua kinywa hufungwa kabla ya muda wa kawaida na chakula cha mchana hakianzi hadi abiria wapya wanapopanda. Kwa kawaida wanaoendelea hukusanywa baina ya saa tatu na saa nne na nusu asubuhi, kisha hungoja. Kungoja huko ndiko kunakowachosha watu, na ukijua sababu yake utakuvumilia vizuri zaidi. Katika bandari za Marekani, forodha hutaka ithibitishwe kwamba abiria wote wa safari iliyokwisha wamepita mbele yao kabla ya mpya hata mmoja kuingia melini. Hesabu ya meli lazima isomeke sifuri. Mtu mmoja aliyelala chumbani, au anayemalizia kahawa kwenye sitaha ya juu, huisimamisha meli nzima, na ndiyo maana utasikia majina yakitajwa kwenye kipaza sauti tena na tena. Fikiria ukubwa wa kazi hiyo katika meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami mwezi Januari 2024, ambayo ikijaa kabisa hubeba abiria 7,600. Kwa hiyo hata wewe usiyekwenda kokote utashuka kwa dakika chache, utapita ukaguzi, na utakaa katika jengo la abiria hadi hesabu ikamilike, ndipo utakaporudishwa, kwa kawaida mbele ya abiria wapya.

Ukaguzi wenyewe siku hizi ni mwepesi. Mara nyingi kamera hulinganisha uso wako na picha iliyo katika kumbukumbu zao, na afisa huuliza swali moja au mawili. Palipo na uzito ni kwenye vyakula. Nimeona mbwa mdogo wa forodha akipita kando ya foleni, akinusa mikoba iliyowekwa chini, akaketi mbele ya mkoba wa mama mmoja aliyekuwa mbele yetu. Ndani mlikuwa na ndizi mbili alizozichukua kwenye kifungua kinywa. Zilichukuliwa na kutupwa, naye akapewa onyo, lakini asiyetangaza matunda au nyama anaweza kutozwa faini. Kwa hiyo shuka na pasipoti, kadi na dawa zako tu.

Kuna jambo la ununuzi ambalo wengi hawalijui. Mkazi wa Marekani anayerudi kutoka visiwa vingi vya Karibiani anaruhusiwa kuingiza bidhaa za hadi dola 800 bila ushuru, lakini msamaha huo hutolewa mara moja tu katika siku 30. Anayeutumia siku ya katikati, mwisho wa safari ya pili atabaki na msamaha wa dola 200. Kwa hiyo anayepanga kununua saa au mkufu wa thamani aweke risiti zote, afikirie ni katika wiki ipi atatangaza nini, na akiulizwa na afisa aseme kweli tupu.

Je, unaweza kuondoka bandarini ukarudi mchana? Ndiyo, ukipenda, mradi uchukue kadi ya abiria anayeendelea na ujue saa ya mwisho ya kupanda, kwa kuwa meli nyingi huondoka alasiri. Miami inafaa kwa hilo: daraja linaiunganisha bandari na mji, na eneo la Bayside lenye maduka liko karibu. Kununua sabuni, dawa ya meno na dawa za mafua mjini ni nafuu kuliko melini. Hata hivyo, mimi hupendelea kurudi melini mara moja. Katika muda ule mfupi, kabla wapya hawajajaa, bwawa la kuogelea ni lako, hakuna foleni ya lifti, na mzee anaweza kutembea sitaha nzima bila kusukumwa. Ni raha ambayo hulipii senti.

Ukisharudi, hakikisha una kadi mpya, kwa kuwa ya zamani mara nyingi haifungui mlango wala hailipi. Bili ya safari ya kwanza itakuwa imefungwa na kutozwa kwenye kadi yako ya benki, pamoja na bakhshishi za kila siku zinazokatwa zenyewe. Ipitie usiku uliotangulia, maana asubuhi dawati la mapokezi hufurika. Fedha za zawadi ulizopewa za kutumia melini mara nyingi hufutika safari ya kwanza inapokwisha, hivyo zimalize kabla. Kifurushi cha intaneti nacho hukatika asubuhi hiyo. Aliyeahidi kuwapigia watoto mchana anunue kile cha pili mapema, mara nyingi kwa bei nafuu kupitia tovuti ya kampuni kuliko ndani ya meli.

Zoezi la dharura utalirudia, hata kama ulilifanya wiki iliyopita na njia ya kituo chako unaijua. Sitaki mtu yeyote alilalamikie. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na miongoni mwa waliokuwamo walikuwapo abiria waliopanda siku hiyohiyo ambao walikuwa hawajafanya zoezi lolote. Kanuni za kimataifa za wakati ule ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Baada ya ajali zikabadilishwa, na tangu 2015 zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Ukihamia chumba kingine, kituo chako cha kukutania kinaweza kuwa kimebadilika. Msindikize mzazi wako hadi pale, mpaka aijue njia kwa miguu yake.

Kabla hujalipia safari hizo mbili, angalia jambo la sheria. Meli nyingi hizi zina bendera za nchi nyingine, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazikataza kumchukua abiria katika bandari moja ya Marekani na kumshusha katika bandari nyingine ya nchi hiyo bila kupitia bandari ya kigeni iliyohesabiwa kuwa ya mbali. Vancouver haihesabiwi hivyo. Kwa hiyo anayenunua safari ya Los Angeles hadi Vancouver, kisha katika meli ileile Vancouver hadi Whittier kule Alaska, anaifanya meli ivunje sheria hata kama kila tiketi peke yake ni halali. Wanaoanza na kumaliza Miami hawaguswi na hilo. Kule Bahari ya Mediterania, meli nyingi za kampuni za MSC na Costa hupakia watu Barcelona, Marseille, Genoa na Civitavecchia katika safari ileile, hivyo mara nyingi hakuna siku moja ya kubadilisha abiria wote.

Mwisho ni kuhusu wahudumu. Hiyo ndiyo siku yao ngumu kuliko zote: vyumba vyote vya mhudumu mmoja lazima viwe tayari ifikapo mchana. Toka chumbani mapema. Ukitaka kumpa chochote mkononi, mpe usiku wa kuamkia, kwani mikataba ya mabaharia nayo huisha siku kama hiyo, na ukirudi mchana unaweza kukuta jina jingine limeandikwa kwenye kadi ya mhudumu wako. Jitambulishe kwake upya, mweleze mapema mahitaji ya mzazi wako, na mwombe ile shuka ya ziada kama ulivyomwomba yule wa kwanza.