Muulize Mfamasia: Figo, kisu na damu isiyokata

Wiki hii karibu barua zote ni za ndugu wa wagonjwa wa figo wanaosubiri upasuaji. Wale wanaouliza "dawa gani nzuri ya figo?" nimewaruka tena. Bila kujua umri, kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) na dawa unazotumia, nitakachokujibu ni ramli.

Baba anasafishwa damu mara mbili kwa wiki na anataka kupasuliwa ngiri. Kipimo kimeonyesha chembe sahani zake, zile chembe za damu zinazoziba jeraha, zinatosha. Mbona daktari anasema atavuja damu? (Jinja)

Kipimo hicho kinahesabu vichwa tu, hakiulizi nani anafanya kazi. Figo zikichoka, taka hubaki kwenye damu na chembe sahani zinakuwa kama zimelewa: zipo, lakini hazishikamani vizuri pale mshipa ulipokatwa. Hata vipimo vya kuganda kwa damu vinaweza kutoka safi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni ile mashine ya kusafisha damu. Mara nyingi mgonjwa husafishwa siku moja kabla ya upasuaji, kwa sababu kwenye mashine anapewa heparini ili damu isigande kwenye mirija, na heparini inahitaji saa kadhaa kuisha mwilini. Ikiwa ni dharura, upo usafishaji usiotumia heparini, ila wahusika waambiwe mapema. Na mzee asiruke zamu. Najua watu wanaokatisha zamu mbili tatu ili kukusanya pesa ya upasuaji. Pesa inapatikana, mgonjwa anafika mezani damu yake ikiwa chafu kuliko mwezi uliopita.

Daktari ameandika desmopresini. Nimesoma mtandaoni kwamba ni dawa ya watoto wanaokojoa kitandani. Amekosea? (Arua)

Hajakosea. Dawa ni ileile, kazi ni mbili. Kuta za mishipa yetu zina akiba ya protini inayosaidia chembe sahani kunasa kwenye jeraha, na desmopresini huifungua akiba hiyo. Kwa kazi hii kipimo ni mikrogramu 0.3 kwa kila kilo ya mwili, hivyo mgonjwa wa kilo 60 hupata kama mikrogramu 18, kwa dripu ya taratibu. Ndani ya saa moja inafanya kazi, na nguvu yake hukaa saa nne hadi nane hivi. Ndiyo maana hutolewa muda mfupi kabla ya kisu. Anayeichoma jana yake ameitupa.

Ukiirudia rudia inachoka, kwa sababu akiba imekwisha. Pia inazuia maji yasitoke, na chumvi ya damu inaweza kushuka hadi mgonjwa akachanganyikiwa au akapata degedege. Kwa hiyo shangazi asiyekubali mgonjwa alale na kiu, akaja na jagi la juisi ya pasheni, azuiwe mlangoni kwa heshima zote. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme mapema.

Duka la dawa hapa kwetu linauza vidonge vya traneksamiki, vya kuzuia damu kutoka. Nimpe mume wangu usiku wa kuamkia upasuaji? (Bombo)

Hapana.

Na kwa sababu mmeiuliza wanne: dawa hii ni nzuri, wakunga wanaijua kwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, ambako hutolewa ndani ya saa tatu. Lakini karibu yote hutoka mwilini kwa njia ya mkojo. Mtu asiyekojoa inamlundikia, na ikizidi inaleta degedege. Daktari anaweza kumpa kwa kipimo kilichopunguzwa. Wewe huna kipimo hicho, na muuza duka hana.

Sindano ya vitamini K je? (Masaka)

Inamsaidia aliyepungukiwa vitamini K au anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Chembe sahani zilizolewa haizigusi.

Kama sindano zipo, kwa nini tunaambiwa hemoglobini, ile rangi iliyomo kwenye chembe nyekundu za damu, ipande kwanza? (Kampala)

Swali zuri, hatimaye. Chembe nyekundu zikiwa nyingi hukaa katikati ya mshipa na kuzisukuma chembe sahani pembeni, kwenye ukuta, ambako ndiko zinakohitajika. Zikiwa chache, chembe sahani huelea tu. Wengi hulenga hemoglobini ya gramu 10 hivi kwa desilita. Sindano za erithropoietini, zinazouamsha mwili kutengeneza chembe nyekundu, na madini ya chuma zinaifikisha huko, lakini kwa wiki kadhaa. Basi ziulizie siku mnayopangiwa upasuaji, msingoje siku ya kulazwa.

Kuongezewa damu ni njia ya haraka, ila anayetarajia kupandikizwa figo amwambie daktari: kila chupa ya damu ya mtu mwingine inaweza kumfanya azidi kuwa mgumu kupatana na figo ya kupewa. Tena, damu ya benki ya taifa pale Nakasero haiuzwi. Anayekuomba pesa ya chupa getini ni mwizi.

Mama anaumwa goti. Naweza kuendelea kumpa diklofenaki hadi siku ya upasuaji wa figo? (Mbale)

Jamani. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao zinaua figo na kuzilemaza chembe sahani, zote mbili kwa kidonge kimoja. Acha leo, mwambie daktari, uliza kuhusu parasetamo.

Mwezi jana mama mmoja alinimwagia kavera lake la dawa (mfuko wa plastiki) mezani, upasuaji ukiwa umebaki siku mbili. Dawa za presha, sawa. Kalsiamu, sawa. Chini kabisa bahasha ya kaki isiyo na jina la dawa, imeandikwa 1×3 kwa kalamu ya bluu. "Hizo ni za mgongo tu," akasema. Zilikuwa diklofenaki, miezi minne mfululizo. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuzihesabu kuwa dawa. Upasuaji ukaahirishwa. Leteni kavera zima, pamoja na emumbwa (udongo uliochanganywa na mitishamba) na chupa za mitishamba.

Nisimamishe asprini kabla ya kung'oa jino? Nina figo na nimewekewa kifaa kwenye mshipa wa moyo. (Entebbe)

Usisimamishe bila daktari wa moyo. Jino ling'olewe siku inayofuata baada ya kusafishwa damu, na uume pamba kwa nguvu bila kuifungua kila dakika kuchungulia.