Pleti imepasuka, imevunjika au imechoka?

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Moshi. Juzi tulikunja vipande viwili vya pleti ya chuma cha pua, vyote kutoka shiti moja, tutengeneze mabano ya trela. Kimoja kilikunjika vizuri. Cha pili kikafunguka mstari mrefu palepale kwenye mkunjo. Mimi nikasema kimepasuka, mwenzangu akasema kimevunjika, mwenye trela akasema chuma kimechoka. Nani yuko sahihi? Halafu, hiyo pua ni ipi?

JIBU: Wewe, ndugu fundi.

Tazama gogo linavyogeuka kuni. Kwanza hukatwa, msumeno ukivuka nyuzi. Kisha hupasuliwa, shoka likizifuata. Vitenzi viwili, pande mbili. Migomba ya huko kwenu nayo inaonyesha jambo hilohilo: upepo huchana jani kutoka ukingoni hadi kwenye uti, kila mchaniko ukifuata mishipa. Jani lililochanika kwa kukatiza mishipa sijaliona bado.

Utaniuliza, pleti ina nyuzi? Kwa namna yake, inazo. Kiwandani chuma hupitishwa kikiwa cha moto kati ya magurudumu mazito mpaka kirefuke na kuwa chembamba; huko ndiko kuviringishwa. Uchafu uliomo, hasa salfaidi ya manganizi (mchanganyiko wa salfa na madini ya manganizi), ni laini katika joto lile, kwa hiyo nao huvutika ukawa kama vijiti vyembamba vilivyolala kufuata uelekeo huo wa kuviringishwa. Hata chuma chenyewe huweza kujipanga kwa tabaka, la feraiti laini na la pelaiti ngumu, sehemu mbili zinazounda chuma hicho, mithili ya mistari ya khanga. Unapokunja, upande wa nje wa mkunjo hunyooshwa. Vijitundu hufunguka pembeni mwa vile vijiti, na ikiwa mstari wa mkunjo umelala sambamba navyo, kijitundu humkuta mwenzake upesi na ufa ukatambaa. Mkunjo ukivikatiza, ufa hauna njia rahisi hivyo. Nadhani hapo ndipo vipande vyako viwili vilipoachana: mlivikata kutoka shiti moja, lakini kimoja kwa urefu, kingine kwa upana.

Ndiyo maana nachagua *kupasuka*. Kinabeba ile maana ya kitu kuachana kwa kufuata njia iliyokuwamo ndani yake. *Kuvunjika* hakina uelekeo: kikombe huvunjika, mfupa huvunjika, nawe hujui vipande vitaangukia wapi. Si kosa la sarufi, ila kinaficha habari ambayo wewe fundi unaihitaji. *Kukatika* ningekiacha kwa waya na kamba. Tatizo la *kupasuka* ni kwamba tairi nalo hupasuka, tena kwa kishindo, basi kwenye maandishi malizia: "imepasuka kwenye mkunjo, sambamba na uelekeo wa kuviringishwa." Hapo hata asiyekuwepo ataelewa.

Chembe zisichanganywe na nyuzi. Chembe ni fuwele ndogo za chuma, zinaonekana kwa hadubini. Nyuzi ni mpangilio wao pamoja na ule uchafu. Nimeona watu wakiziita zote punje, nami punje naiachia mahindi.

Mwenye trela ndiye aliyekosea. Chuma huchoka kwa kupinda na kurudi mara nyingi, kama springi ya daladala iliyokula mashimo miaka mitano. Pleti yako ilikunjwa mara moja tu. Ilichoka saa ngapi?

Na pua si ya usoni. Ni neno jingine lenye sauti hiyohiyo, maana yake chuma kilichoimarishwa, ndiyo tunasema chuma cha pua. Wazee wa pwani walikuwa pia na feleji, wakisifia upanga wa feleji. Siku hizi wauza vyuma wengi wakisema chuma cha pua wanamaanisha kile kisichoshika kutu cha masinki na sufuria, kwa hiyo ukienda dukani kununua pleti ya trela, taja unene na kazi yake kabla hujataja pua.