Taa ikigeuka manjano ukiwa karibu: usimame au upite?

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Naendesha matatu ya abiria 14 kati ya Malindi na Mombasa. Huku nyumbani nimezoea raundabauti na matuta, shida yangu ni taa za Mombasa. Mara nyingi nikishakaribia, taa inageuka manjano. Nikikanyaga breki, abiria wanarushwa mbele na lori la nyuma linanipigia honi. Nikipita, nakuta nyekundu imeshawaka. Wenzangu stejini wanasema sekunde 2 za kwanza za nyekundu hazina neno, kwani upande wa pili nao bado wana nyekundu. Ni kweli? Na nitajuaje wakati wa kusimama na wakati wa kupita?
Dereva, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ukishalielewa hilo, la kwanza litakuwa jepesi. Dereva anayepita nyekundu kwa kawaida hakuamua kuipita pale taa ilipogeuka. Alishajifunga mita 60 nyuma, kwa kasi aliyokuja nayo.

Tupige hesabu. Gari likiwa kwenye 50 linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Taa ikigeuka, jicho lione, akili iamue, mguu utoke kwenye mafuta uhamie kwenye breki: weka sekunde 1 kwa dereva aliye macho. Mita 14 zimekwenda na breki haijashika bado. Halafu kuna breki yenyewe. Breki ya heshima, ile isiyomtoa kitini mama aliyempakata mtoto, hupunguza kasi kama kilomita 11 kwa saa katika kila sekunde. Ukianza na 50, breki hiyo inataka mita 32 nyingine mpaka gari litulie. Jumla mita 46.

Manjano nayo mara nyingi huwaka sekunde 3, mahali pengine hufika 4 au 5. Ukiwa kwenye 50 bila kubadilisha mwendo, sekunde 3 zinakupeleka mita 42. Sasa tazama: taa ikigeuka ukiwa mita 44 kutoka mstari wa kusimamia, huwezi kusimama kwa heshima na wala hufiki mstarini kabla ya nyekundu. Hapo ndipo unaponaswa. Kila unachofanya kinakuwa kibaya, na ndiyo maana unahisi taa inakuonea.

Eneo hilo la kunaswa hukua upesi kadiri kasi inavyopanda. Kwenye 60, kusimama kwataka mita 63 na manjano inakupa mita 50, kwa hiyo kuna mita 13 za matatizo. Kwenye 80, kusimama kwataka mita 104 na manjano inakupa 67: mita 37 nzima ambamo huna jibu zuri. Lakini ukishuka hadi 40, kusimama kwataka mita 32 na manjano inakupa mita 33. Pengo limekwisha. Popote utakapokuwa taa inapogeuka, ama unaweza kusimama bila kumrusha mtu, ama unavuka mstari kabla ya nyekundu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: ukaribie taa kwenye 40. Sheria ya Kenya inakuruhusu 50 ndani ya mji, nami nakuomba uache hizo 10 kwa ajili ya njia panda tu. Unapoteza sekunde chache mno.

Kinachowaponza madereva wa njia yako ni safari yenyewe. Ukitoka Malindi, ukapita Gede, ukavuka daraja la Kilifi na kushuka mpaka Mtwapa, unakuwa umekaa kwenye 80 au karibu yake kwa muda mrefu. Macho na masikio huzoea. Ukipunguza hadi 60 unaona kama gari linatambaa, na mwili unakuambia uko polepole kumbe sivyo. Spidi gavana haikusaidii hapa, kwani imewekwa kukuzuia usipite 80, na kwenye taa 80 ni hatari tupu. Tangu Mtwapa mpaka uvuke daraja la Nyali, soma mshale wa kasi. Usiiamini hisia.

Sasa hizo sekunde 2 za stejini. Wenzako wameona jambo la kweli wakalitafsiri vibaya. Ni kweli kwamba njia panda nyingi zenye taa hupangwa pande zote ziwe nyekundu kwa sekunde 1 au 2 kabla ya upande wa pili kupewa kijani. Muda huo ni wa gari lililoingia kihalali kwenye manjano limalize kuvuka. Haukuwekwa kwa anayeingia.

Chukua njia panda yenye upana wa mita 20. Matatu yako ina urefu wa karibu mita 5, kwa hiyo ili mkia utoke unahitaji mita 25, na kwenye 50 hizo ni sekunde 1.8. Ukiingia sekunde 1 baada ya nyekundu kuwaka, utatoka sekunde 2.8 baada yake. Kama upande wa pili umepewa kijani kwenye sekunde ya 2, basi wewe uko katikati ya barabara yao kwa karibu sekunde nzima. Anayeanza akiwa amesimama huenda asikufikie. Yule aliyekuwa anakuja taratibu akaikuta kijani mbele yake, akakanyaga mafuta bila kusimama kamwe, atakufikia. Na wapo wawili wengine: bodaboda anayechungulia taa ya upande wako na kuondoka mara tu anapoona imekuwa nyekundu, na mtembea kwa miguu anayeshuka barabarani kwa sababu magari ya karibu naye yamesimama. Hao hawaingojei kijani.

Isitoshe, mgongano wa aina hii huingia ubavuni. Mbele ya gari kuna chuma cha kukunjika na kumeza nguvu. Ubavuni, kati ya abiria na bampa ya lori, kuna bati la mlango na kioo. Siti za matatu zimepangwa mpaka kwenye bati hilo.

Kisheria, kutotii taa ni kosa la kutotii alama ya barabarani. Katika orodha ya makosa madogo ya trafiki ya mwaka 2016 faini yake ni shilingi 3,000. Kama umemgonga mtu, hiyo haiwi tena habari ya orodha ya makosa madogo.

Sasa namna ya kuendesha. Taa uione mbali, na ujiulize kijani hicho kimewaka tangu lini. Ukikuta kimewaka tayari, kihesabu kuwa kimezeeka na kitageuka wakati wowote. Dalili zipo: foleni ndefu upande wa pili, taa ya watembea kwa miguu wanaovuka sambamba nawe imeshakuwa nyekundu, hakuna gari jipya linaloanza mbele yako. Kabla ya mita 60, tazama kioo cha kati. Kioo hutazamwa kabla ya manjano, maana baada yake huna muda. Shuka hadi 40, toa mguu kwenye mafuta, uuweke juu ya pedali ya breki bila kukanyaga. Kitendo hicho peke yake kinaweza kuokoa hata nusu sekunde, na kwenye 40 nusu sekunde ni mita 5 na zaidi.

Halafu jiwekee alama. Njia panda unazopita kila siku si nyingi. Siku ambayo huna abiria, egesha mahali panaporuhusiwa, utembee kando ya barabara kutoka kwenye mstari wa kusimamia kurudi nyuma hatua 44 za kawaida, zile za sentimita 75 hivi. Utapata kama mita 33. Tazama kuna nini hapo: nguzo, mti, bango la duka. Hiyo ndiyo alama yako ya 40. Manjano ikiwaka kabla hujaifikia, simama. Ikiwaka umeshaipita, endelea kwa mwendo uleule. Mvua ikinyesha kusimama kwataka mita zaidi: shuka hadi 30, na alama hiyo ya 40 haifai tena.

Nasema kwa mwendo uleule kwa makusudi. Kuongeza mafuta kwenye manjano ndiyo tabia mbaya kuliko zote. Ukipanda kutoka 40 hadi 50 ndani ya zile sekunde 3, unapata kama mita 4 tu za ziada, lakini nguvu ya kugonga inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na sasa huwezi tena kubadili nia.

Ukiamua kusimama, breki ina hatua tatu. Kwanza gusa, taa za nyuma ziwake na aliye nyuma aone. Kisha kaza kwa uthabiti. Mwisho, gari likikaribia kutulia, legeza kidogo ili vichwa vya abiria visiruke. Kinachorusha watu ni kukanyaga kwa pigo moja mwishoni. Kama gari lako ni la zamani, lisilo na mfumo wa kuzuia magurudumu kujifunga, na ukasikia tairi limeganda linateleza, legeza nusu kisha kanyaga tena, kwa kuwa gurudumu lililojifunga halifuati usukani. Lenye mfumo huo, kanyaga na ushikilie hata pedali ikitetemeka.

Kuhusu lori la nyuma. Breki zake ni za upepo, na upepo huchelewa karibu nusu sekunde kufika gurudumuni. Kwa hiyo dereva wake hawezi kusimama ghafla kama wewe hata akitaka. Dawa ni kumpa habari mapema. Ukishuka hadi 40 mita 60 kabla ya taa, naye atakuwa ameshashuka, awe amependa au hakupenda. Honi yake si amri. Hakikisha tu kwamba taa zako za breki zinawaka zote. Rudisha gari karibu na ukuta jioni, kanyaga, tazama mwanga ukutani. Dereva wa nyuma hawezi kusoma breki ya gari lisilo na taa, na ni balbu ya bei ndogo sana. Wewe nawe ukiwa nyuma ya lori, usimfuate kwa kubahatisha: baki nyuma sekunde 3, la sivyo utavuka nyekundu ambayo hukuiona kabisa, kwa kuwa mwili wa lori uliifunika.

Taa ikiwa kijani baada ya kusimama, usichomoke. Huku kwetu tunapita kushoto, basi gari la kwanza kukufikia linatoka kulia. Tazama kulia, kushoto, kulia tena, ndipo uingie. Na kama upande wa kutokea umejaa, baki nyuma ya mstari hata kama kijani kinawaka, kwa maana ukiishia katikati utawafungia wengine. Askari wa trafiki akisimama hapo, ishara ya mkono wake ndiyo inayofuatwa, taa iseme itakavyosema. Taa zikiwa zimezimika, zihesabu kama hazipo: karibia ukiwa tayari kusimama, umpishe aliye kulia kwako, uingie kwa zamu.

Malindi kwenyewe makosa ni yaleyale kwa sura nyingine. Anayeingia raundabauti bila kumpisha aliyemo, akitokea kulia kwake, anafanya lile la mpita nyekundu. Tuktuk inayogeuza ghafla katikati ya Lamu Road na matatu inayopakia mdomoni mwa njia panda ya Gede zinamfunika anayevuka. Kanuni ya mguu juu ya breki inafaa kote huko.

Mwisho, gari. Hesabu yote niliyokupa inategemea breki nzima, na matatu za pwani zina maradhi yao. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na hewa ya bahari ina unyevu mwingi. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, yakishanyonya maji huweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hufanya mapovu, na pedali inazama mpaka chini siku ile unayoihitaji. Yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2. Kuongeza juu tu hakutoi maji yaliyomo. Breki pedi ikibaki milimita 3, badilisha pande zote mbili za ekseli pamoja, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Jambo moja mafundi wengi hulipita. Magari mengi ya aina yako yana vali karibu na ekseli ya nyuma, imeunganishwa kwa kijiti au springi, inayopima uzito wa mzigo na kuamua breki za nyuma zipewe nguvu kiasi gani. Mwenye gari akiongeza majani ya springi ili lisilale, mwili unainuka, na vali inadhani gari ni tupu hata likiwa na watu 14. Breki za nyuma zinapewa kidogo, za mbele zinafanya kazi yote, zinapata moto, na pedi zinakwisha haraka. Kama pedi zako za mbele haziishi muda na za nyuma ziko kama mpya, mwambie fundi aingie chini aitazame vali hiyo na kuirekebisha kulingana na kimo kipya cha gari. Kisha lijaribu likiwa tupu, mahali peupe, kwa 30, kabla ya kupakia mtu.