Kata sukari ya chai, kitumbua kibaki

Watu wengi wanaotaka kupungua hapa Dar huanza kwa kiapo. Kuanzia Jumatatu hakuna andazi, hakuna kashata, hakuna keki, askrimu haramu. Jumanne inapita, Jumatano kwa tabu. Alhamisi jioni foleni imekukamua, umeshuka Kimara njaa inauma, na pale kituoni kuna ndoo ya maandazi ya moto. Yanaliwa manne papo hapo, mtu amesimama, mkoba begani. Halafu anajisemea: ah, si nimeshaharibu, nitaanza tena Jumatatu. Kwa maoni yangu hiyo "nitaanza tena Jumatatu" inanenepesha kuliko maandazi yenyewe, maana kati ya Alhamisi na Jumatatu mtu hula kama anaaga.

Mimi napungua taratibu, nguo zinashuhudia, na vitumbua sijaacha. Sijagundua dawa yoyote. Nilichofanya ni kutazama sukari yangu inaingilia wapi, nikakuta sehemu kubwa haipiti kwenye vitu ninavyovipenda hata kidogo.

Hebu piga hesabu. Kijiko cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Mtu wa vijiko vitatu kwa kikombe, anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, ameshafika gramu 36. Mchana amepata soda ya chupa ya mililita 350. Soda nyingi za kawaida zina gramu 10 hadi 13 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo hapo ongeza gramu 35 hadi 45. Amevuka 70, na hajatia mdomoni kitu chochote ambacho angekiita kitamu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na iliyomo kwenye asali na juisi, iwe chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hiyo ni chini ya gramu 50, au 25 kwa wanaojitahidi zaidi. Yaani vijiko kumi na viwili, au sita. Chai peke yake imeshakula tisa.

Na ukiuliza kama ile chai ilikuwa tamu kiasi cha kuikumbuka, mtu hakumbuki. Aliinywa huku anasoma meseji.

Kwa hiyo kazi ilianzia kwenye chupa ya chai. Nyumba nyingi za kwetu chai inatiwa sukari ikiwa bado kwenye sufuria, inachujwa, inamiminwa kwenye chupa, basi. Hakuna anayejua imeingia kiasi gani isipokuwa aliyepika, na yeye amemimina kwa mkono akitazama rangi. Mume wangu anapenda chai inayonata mdomoni. Nikaomba chai iingie kwenye chupa bila sukari, bakuli la sukari likae mezani na kijiko chake, kila mtu ajitilie. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mama Salma, sukari imepanda bei tena?" Akajitilia vinne, akakoroga kwa makusudi ili nisikie. Sikujibu. Baada ya muda mwenyewe ameshuka hadi viwili, maana kijiko ukikitia kwa mkono wako unakiona. Mimi nilipunguza nusu kijiko kwa nusu kijiko, sikuruka kutoka vitatu hadi sifuri. Ulimi unazoea taratibu, na iliki, mdalasini na tangawizi vinasaidia sana: chai ya maziwa yenye viungo vya kutosha haidai sukari nyingi. Asali nayo, jamani, ni sukari. Ina faida zake, lakini ukiweka vijiko vitatu vya asali badala ya vitatu vya sukari, kiuno hakitaona tofauti yoyote ya maana.

Vidonge vya utamu usio sukari sikuvitaka. Mwaka 2023 Shirika hilohilo la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, ingawa ushauri huo hauwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Na wewe mwenye kisukari, au mjamzito mwenye sukari ya juu, au unayetumia dawa za kushusha sukari, mambo yako ni ya kupanga na daktari wako, sio na mimi.

Vinywaji ndivyo nilivyovikata kwa ukali, kwa sababu havishibishi. Kula andazi, tumbo linajua limepokea kitu. Kunywa soda, dakika kumi baadaye unakula ubwabwa kiasi kilekile ulichokusudia. Juisi ya miwa pale Kariakoo, yenye ndimu na tangawizi, inaonekana ya kiafya kwa sababu umeiona inakamuliwa mbele ya macho yako, lakini sukari yake haipishani na ya soda. Juisi ya ukwaju ya kwenye madumu vilevile, ule uchachu unaficha sukari iliyomiminwa humo. Nikibanwa na joto la Posta saa nane mchana nanunua dafu. Maji yake yana kalori kama 20 tu kwa mililita 100, na muuza madafu anakukatia ukinywa palepale kwenye baiskeli yake.

Kuna wanaosema wao wanakunywa soda lakini wanaichoma kwa mazoezi. Sawa. Mtu wa kilo 70 akitembea kilomita moja anatumia kalori 50 hivi. Soda moja ya mililita 350 ina 140 au zaidi. Daraja la Tanzanite lina urefu wa kilomita moja na ushee. Ulivuke karibu mara tatu, ndiyo umemaliza deni la chupa moja, na hapo chakula hakijahesabiwa.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Kalori zichukulie kama hela ya matumizi inayoachwa mezani asubuhi: ukiitawanya kwa vitu vya hovyo, jioni huna ya kununulia unachokipenda. Mimi baada ya kubana chai na soda nilibakiwa na nafasi, na nafasi hiyo nikaigawia vitu viwili tu, kitumbua na kashata ya nazi. Biskuti za ofisini zimenitoka moyoni. Pipi wanazokupa dukani badala ya chenji nawapa watoto, au naziacha kaunta. Keki za mafuta zinazouzwa kwenye karatasi za nailoni, zile zinazokauka koo, sizitazami. Huwezi kuvipenda vyote sawasawa. Kaa chini ujiulize ni kipi kikikosekana mwaka mzima utakililia, hicho ndicho ukiweke, vingine ni mazoea tu.

Kitumbua nakinunua kwa mama mmoja jirani na kituo. Mchele ameuloweka usiku, ameusaga na tui, hamira na iliki, na alfajiri yuko kwenye mkaa na chuma chake cha vishimo. Anadondosha mafuta kila kishimo, anamimina uji, anasubiri kando zianze kuwa kahawia, kisha anachokonoa kwa kijiti na kitumbua kinajigeuza chenyewe. Tazama hapo kwenye mafuta, maana ndipo hesabu ilipo. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi, na kitumbua kinanyonya. Kwa hiyo usikiogope kwa sukari peke yake. Kuna wanga wa mchele, kuna tui, kuna mafuta. Ndiyo maana kimoja ni kimoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo vingapi?"

"Kimoja tu."

"Kimoja? Hicho si cha kuonja!"

Anafunga kimoja, halafu kwa huruma anatia cha pili. "Hiki nyongeza, mwanangu, umekonda." Kukataa nyongeza ya mtu mzima ni utovu wa adabu, kwa hiyo napokea na kushukuru. Cha pili anakipata mlinzi wa ofisini, ambaye siku hizi akiniona kwa mbali anaanza kutabasamu.

Namna ya kula ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kitumbua changu hakiliwi kwenye mwendokasi nimeshika bomba kwa mkono mmoja. Kinangoja nifike, nikae, nile kwanza kitu cha kushibisha, yai la kuchemsha au maharage niliyobeba, ndipo nacho kifuate, na chai isiyo na sukari, ili utamu wote utoke kwenye kitumbua. Ukikila cha kwanza na tumbo tupu, njaa ndiyo inayokula, na njaa haijui kimoja. Sukari iliyotangulia peke yake hupanda haraka kwenye damu kuliko iliyokuja nyuma ya protini na nyuzinyuzi, na wengi huhisi njaa tena mapema. Kwa hiyo nikitaka kashata, ni baada ya chakula cha mchana, sio saa kumi na moja jioni nikiwa na njaa ya kutetemeka.

Nanunua ya kula leo. Ukinunua pakiti nzima ya kashata ukasema utakula moja moja kwa wiki, kashata zilizopo kabatini zitakuita kwa jina lako usiku wa manane. Ubuyu ndio hatari zaidi, kwa sababu unaumung'unya mmoja mmoja huku unaangalia tamthilia, mbegu zinajaa kwenye sahani na bado unasema hujala kitu. Wenyewe ubuyu una uchachu wake mzuri na nyuzinyuzi, ila ule mwekundu wa kupikwa umefunikwa na sukari. Mimina kidogo kwenye kisahani cha kikombe, mfuko ufunge, urudishe jikoni.

Kuna watakaokwambia ukitaka kitu kitamu ule tunda. Matunda nayala kila siku, papai, nanasi, chungwa, embe dodo msimu wake ukifika, na yanapunguza kweli hamu ya kutafunatafuna. Lakini usijidanganye kwamba kipande cha tikiti kitajaza nafasi ya kashata siku ambayo roho inataka kashata. Utakula tikiti, utakula na ndizi, utalamba na asali, mwisho utaenda kununua kashata vilevile. Anza nayo hiyo moja.

Wengine hujinyima siku sita na kujiachia Jumapili. Kwangu halikai sawa. Chukulia umebana kalori 400 kwa siku, siku sita ni 2,400. Jumapili kuna ubarikio: pilau sahani mbili, soda tatu, keki, na vitafunwa vya kusubiria ukumbini. Kuzidisha 1,500 juu ya mahitaji yako ni rahisi mno. Zimebaki 900 za wiki nzima, wakati kilo moja ya mafuta mwilini inakadiriwa kuwa kalori 7,700 hivi. Afadhali kitumbua kimoja Jumanne na kashata Ijumaa, na Jumapili uingie ukumbini bila njaa ya wiki.

Sherehe zenyewe zina mbinu zake. Soda ya kukaribishwa usiikatae kwa hotuba, ukisema "niko kwenye dayati" meza nzima itageuka wataalamu wa lishe. Sema "naomba maji kwanza", na mara nyingi hakuna atakayerudi kuuliza. Keki ya kulishwa na bibi harusi ifungulie mdomo, ni kipande cha kidole, hakimnenepeshi mtu. Pilau kula tu, ila kijiko cha kwanza kiwe cha kachumbari na nyama. Shangazi akikuambia umepungua mpaka unatia huruma, mwambie "nashukuru shangazi, niko salama", umuulize hali ya mguu wake. Ataongea mpaka MC atakapoita watu wa maua.

Mzani usipandwe asubuhi baada ya sherehe. Chumvi na wanga huvuta maji, namba inaweza kupanda hata kilo moja na zaidi bila mafuta mapya ya kiasi hicho, na watu wengi hukata tamaa siku hiyohiyo. Subiri siku tatu nne.

Na Ramadhani, kwa sababu swali hili huja kila mwaka. Tende mbili tatu za kufungulia hazina shida. Tende ndogo ina kalori 20 hivi, ila zile kubwa nene zinaweza kufika 60 na kitu, kwa hiyo hapo tosheka na moja. Tatizo liko kwenye mchanganyiko: uji wenye sukari, tambi za sukari, kaimati za shira na juisi, vyote kwenye mkeka mmoja, na majirani wamekuletea sahani zao. Chagua tamu moja kwa kila futari. Leo kaimati, kesho tambi, uji uwe wa pilipili manga na sukari ya kunusa. Na kaimati ukizikaanga nyumbani, shira iweke kwenye kibakuli pembeni kila mtu achovye mwenyewe, maana zikilala kwenye shira tangu alasiri zinakuwa zimeinywa yote.