J-1 au H-1B? Jibu kwa daktari wa Arua anayeenda residensi Marekani

Kuna daktari kijana wa Arua, Uganda, ameniandikia. Amesoma Gulu University, intanship amemaliza, cheti cha ECFMG (taasisi ya Marekani inayothibitisha madaktari waliosoma nje) anacho na sasa ameshafanya intavyuu za residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, ya magonjwa ya ndani huko Marekani. Anauliza hivi: programu moja inatoa viza ya mafunzo ya J-1 peke yake, nyingine inasema inaweza kutoa H-1B, viza ya kazi, aweke ipi mbele? Ni kweli J-1 inamlazimisha kurudi nyumbani miaka miwili, na hiyo miaka anaweza kuifanyia Nairobi? Mke wake ni nesi, ataruhusiwa kazi? Halafu ana mjomba Boston anayesema yeye ndo atamsponsa.

Dakta, hongera kwanza, kufika hapo ulipo si mchezo. Nianze na la mjomba maana ni fupi. Mjomba hawezi. J-1 ya daktari anayehudumia wagonjwa ina sponsa mmoja tu Marekani nzima, ni hao hao ECFMG ambao siku hizi wako chini ya shirika la Intealth, na H-1B inaombwa na hospitali itakayokuajiri. Mjomba akupokee airport na akupe pa kulala, huo utakuwa msaada mkubwa sana, ila kwenye karatasi za viza hana nafasi.

Sasa hiyo miaka miwili. Ni kweli, sheria yenyewe ni kifungu 212(e) cha sheria yao ya uhamiaji, na kwa daktari wa mafunzo ya hospitali inakushika tu ukishachukua J-1, haijalishi unasomea fani gani wala nani anakulipa. Maana yake ukimaliza mafunzo huwezi kupewa H-1B wala grinkadi (ukaazi wa kudumu) mpaka uwe umekaa nyumbani jumla ya miaka miwili au upate weiva, yaani kuondolewa sharti hilo. Na nyumbani ni nchi ya uraia wako au ile uliyokuwa na ukaazi wa kudumu kabla ya kwenda, kwako wewe ni Uganda. Nairobi haihesabiki. Juba haihesabiki, Kigali pia, hata kama mshahara unatoka Kampala, wanahesabu siku ambazo mwili wako ulikuwa ndani ya Uganda. Si lazima zifuatane, kwa hiyo tunza pasipoti zako zote zenye mihuri ya Entebbe, ya zamani usiitupe.

Kuhusu weiva nawasikia vijana wengi wakisema watarudi kuomba serikali yetu iandike barua kwamba haina kipingamizi. Hiyo njia ipo kwa watu wengine wa J-1 lakini kwa madaktari wa residensi sheria imeifunga, usiijengee maisha yako. Njia wanayopita wengi ni mpango wa weiva uitwao Conrad 30, ulianza 1994, kila jimbo linaweza kupendekeza madaktari 30 kwa mwaka, na wewe unakubali kufanya kazi fultaimu miaka 3 sehemu yenye upungufu wa madaktari ukiwa kwenye H-1B. Majimbo yanayopendwa nafasi zinaisha mapema, na ukiacha kazi kabla ya miaka 3 bila sababu inayokubalika, ile miaka miwili inakurudia. Kuna weiva nyingine pia, ya mke au mtoto mwenye uraia wa Marekani kupata taabu kubwa mno, na ya anayehofia kuteswa akirudi, ila hizo zinataka ushahidi mzito.

H-1B haina huo mzigo wa miaka miwili, ndo maana watu wanaikimbilia. Lakini angalia vizuri. Lazima uwe umefaulu USMLE Step 3, hatua ya mwisho ya mtihani wa leseni ya udaktari Marekani, kabla hospitali haijapeleka maombi, na wewe kwenye barua yako hujaitaja kabisa, kama hujafanya basi mwaka huu H-1B sioni ukiipata. Halafu mwisho wake kwa kawaida ni miaka 6, J-1 inafika 7. Piga hesabu: magonjwa ya ndani miaka 3, ukitaka moyo ongeza 3, tayari 6 imejaa, ukitaka mwaka mwingine wa kuweka stenti huna tena. Na kubwa zaidi, tangazo la rais wao la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya Marekani, na wewe uko Arua. Liliandikwa kwa miezi 12 lakini linaweza kuongezwa, msamaha upo ila anayeuomba ni mwajiri. Hospitali iliyosema "tunaweza kutoa H-1B" iulize kwa imeili, ijibu kwa maandishi: mtanitolea mimi niliye Uganda, mwaka huu, na hayo malipo mtayabeba? Uliza kabla hujafunga orodha yako ya Match, ule mfumo unaowapangia madaktari programu za residensi, maana matokeo ya Match yanakufunga, ukipangiwa programu ambayo viza imeshindikana nafasi imepotea na mwaka pia.

Mke wako sasa. Kwa J-1 yeye anakuwa J-2 na anaweza kuomba kibali cha kazi akifika, kikitoka anafanya kazi, ingawa unesi unahitaji leseni ya jimbo na hiyo ni safari nyingine, aanze kuulizia sasa hivi. Ujue pia ile miaka miwili inamshika na yeye. Kwa H-1B anakuwa H-4 na kwa kawaida haruhusiwi kazi, labda mpaka mchakato wenu wa grinkadi uwe umefika mbali. Mshahara wa residenti na familia, kazi ya mke si jambo dogo.

Mimi ningekuwa wewe ningepanga programu kwa ubora wa mafunzo na nisiikimbie J-1. Kwenye barua umesema unataka hatimaye kufanya kazi West Nile, huko huko kwenu Arua, sasa miaka miwili Uganda kwako ni adhabu gani? Kwa J-1 pia ofisa wa ubalozi wa Marekani pale Nsambya, Kampala, atataka kuridhika kwamba utarudi, na wewe una cha kumweleza cha kweli. Kitu kimoja usisahau, DS-2019, yaani fomu ya sponsa ya kuombea na kuendelezea J-1, inafanywa upya kila mwaka, na shifti za nje za kuongeza hela haziruhusiwi kabisa kwa J-1.

Kinachochelewesha watu kwetu ni barua ya Wizara ya Afya. Ili wakusponse J-1, ECFMG wanataka barua inayosema Uganda inahitaji madaktari wa fani yako na kwamba wewe umeahidi kwa maandishi kurudi. Maneno yake yamewekwa na sheria ya Marekani, hayabadilishwi hata kidogo, kwa hiyo peleka pale wizarani Lourdel Road nakala ya maneno yenyewe, usimwachie karani atunge. Iwe na sahihi na muhuri, fani iandikwe sawasawa na ile ya programu. Ukija kuingia felloshipi, yaani ubingwa wa juu baada ya residensi, utahitaji barua mpya ya fani hiyo.

Umemtaja na rafiki yako wa Bunia, Kongo, aliyesoma hapa Uganda kwa kibali cha mwanafunzi. Kibali cha mwanafunzi si ukaazi wa kudumu, barua yake itoke wizara ya Kinshasa, Kampala haiwezi kumwandikia, na ikiwa ya Kifaransa iende na tafsiri rasmi ya Kiingereza. Mwambie aanze mapema kuliko wewe.

Wewe mwenyewe usisubiri Match. Hiyo barua inataja fani tu, jina la hospitali halimo, na wewe umeomba fani moja, kwa hiyo inaweza kuanza kushughulikiwa wiki hii. Matokeo ni Ijumaa ya tatu ya Machi, kazi programu nyingi inaanza 1 Julai, na katikati hapo kuna mkataba, DS-2019, ada ya SEVIS (mfumo wao wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa mafunzo) ya dola 220 na foleni ya ubalozi. Ukipata majibu ya ile imeili ya H-1B nitumie niyasome kabla hujafunga orodha.