Seva imewaka lakini ofisi haina mtandao? Anza na anwani

Mvua ya jioni ikishanyesha Kisumu na stima ikarudi, seva huwaka vizuri, taa zake zote za kijani, na bado hakuna anayeweza kufungua faili. Wengi huizima na kuiwasha upya. Acha. Mara nyingi seva haijaharibika. Imeamka kabla ya ruta, ikakosa wa kuipa anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao.

Keti mbele ya seva yenyewe, fungua kidirisha cha amri, uandike ipconfig /all. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, seva iliomba anwani ikakosa wa kuijibu. Hakikisha ruta imewaka, kisha ipconfig /renew. Lakini kama uliipa anwani ya kudumu na bado unaona 169.254, kuna kifaa kingine kimeishika anwani hiyo hiyo. Shuku printa kwanza.

Hali ya tatu ndiyo inayochosha watu: anwani ipo, inafanya kazi, ila si ile ya jana. Seva ilikuwa 192.168.1.10, leo ni 192.168.1.123, na kompyuta zote bado zinabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Dawa ni kuipa seva anwani ya kudumu iliyo nje ya zile ambazo ruta hugawa. Ikiwa ruta inagawa kuanzia .100 hadi .200, ipe seva .10, maski (subnet mask) 255.255.255.0, lango (gateway) liwe anwani ya ruta. Na tafadhali, ofisi yenye domeni, yaani ambayo watu wote huingia kwenye kompyuta kupitia seva, isiweke 8.8.8.8 ya Google kama DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani) kwenye kompyuta za wafanyakazi. Google haiijui seva yako ya ndani. DNS yao iwe seva yenyewe, nayo ndiyo itakayouliza nje.

Anwani ikiwa sawa, nenda kwenye kompyuta moja uandike ping (amri ya kuuliza kama seva inajibu) na namba ya seva, halafu ping na jina lake. Namba ikijibu na jina likakataa, tatizo ni DNS. Anza na ipconfig /flushdns. Namba nayo ikikataa huku seva inaifikia ruta, angalia faiwoli, mlinzi anayeamua nani aingie kwenye seva kupitia mtandao. Windows Server ikiwaka kabla huduma zake hazijatulia huweza kuuchukulia mtandao wa ofisi kuwa wa ugenini, ikaandika Public na kufunga milango. Amri Get-NetConnectionProfile kwenye PowerShell itakuonyesha. Zima kadi ya mtandao na uiwashe tena, ukiwa hapo hapo, si kwa mbali. Kuzima faiwoli yote ni uvivu wa hatari.

Watu wakikataliwa kuingia ingawa nywila ni sahihi, tazama saa. Betri ya CR2032 kwenye ubao mkuu ikiisha, saa hurudi nyuma, na domeni ya Windows kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5.

Kulikuwa na radi? Hamishia kebo kwenye tundu jingine la swichi kabla hujalaumu programu.

Kuwasha kuna mpangilio wake: kifaa cha faiba, ruta, swichi, subiri dakika 2, seva, subiri mpaka itulie, ndipo kompyuta. Ruta na swichi hula umeme kidogo sana, kwa hiyo zichomeke kwenye UPS (betri ya akiba) ile ile ya seva.