Kabla Hujatuma Maombi ya Kazi ya Sudan Kusini

Ujumbe uliingia Jumapili usiku: "Daktari, nimemaliza intanshipu, mwaka sasa niko nyumbani, kaunti haziajiri. Nifanyeje nami niende Sudan Kusini? Ni kweli wanalipa kwa dola?"

Ni kweli. Wala sikulaumu kuanza na dola. Mimi nilikwenda mwanzoni mwa 2016 nikiwa na deni la sacco, na mama akinitazama kila asubuhi kama aliyesomesha mtoto bure. Mambo ya viza na semina za usalama nayaruka.

Kambi ya Bentiu, ndani ya kituo cha Umoja wa Mataifa, ilikuwa na zaidi ya watu laki moja waliokimbia vita vilivyozuka Desemba 2013. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unang'ang'ania gambuti mpaka mguu unatoka peke yake. Nilitoka Nairobi nikijivunia kusoma picha za skani. Kule nikakabidhiwa utepe wa kupima mkono wa mtoto. Chini ya sentimita 11.5, rangi nyekundu, mtoto anaingia kwenye matibabu ya utapiamlo. Niliona nimeshushwa cheo.

Usiku mmoja jenereta ilizima, na mbele yetu mtoto wa malaria yuko kwenye degedege. Nesi wetu, mwenyeji wa pale, alibana simu kwa meno tochi ikiwaka, akatikisa kichupa cha artesuneti, sindano ya malaria kali, na maji yake ya kuyeyushia hadi yakawa maangavu, akaongeza maji ya chumvi, akavuta dozi. Mimi nilikuwa bado napapasa simu nihesabu miligramu 3 kwa kila kilo. Yeye alishamaliza hesabu.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: kuwa mnyenyekevu. Wa pili: jua dozi za watoto kichwani. Wa tatu ni unyenyekevu tena, maana najua mmeusoma haraka.

Julai mapigano yakalipuka Juba. Siku chache baadaye mwajiri akaamua kutuondoa sisi wageni. Begi moja, dakika arobaini. Nesi ndiye aliyenifungia zipu. Hakuuliza kama nitarudi. Aliuliza funguo za kabati la dawa ziko wapi.

Nililala South B, Nairobi, nikiwa na udongo wa Bentiu kwenye kucha. Mkataba wangu ulikatwa kwa barua pepe ya mistari miwili, na bado inaniuma, sitadanganya. Baadaye ripoti ya mwajiri ikatoka na picha yangu nimembeba mtoto. Pembeni unaonekana mkono umeshika tochi. Mwenye mkono, yule nesi, amekatwa nje ya picha, na hakuna kati yetu aliyeandika kumtetea, mimi nikiwemo.

Nyinyi vijana mnapenda kusema mnakwenda "kuokoa maisha". Kwenye mahojiano ulizeni hivi: hali ikichafuka, nani anapanda ndege na nani anabaki? Wanaobaki wanaachiwa dawa za siku ngapi? Mishahara yao inaendelea? Anayekuhoji akianza kujikuna, jua hajawahi kuulizwa. Hata mimi sikuuliza. Niliuliza dola.

Haya, nitumie wasifu wako kabla ya Ijumaa, niusome. Pale ulipoandika "mtaalamu wa dharura" kwa miezi mitatu ya zamu za kasualti, futa.